Mchango na Mafao: Historia ya Matibabu ya Mfanyakazi wa Tanzania

Mara nyingi tunapoutaja utamaduni wa taifa, fikira za wengi hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, mashairi na hadithi za kale. Hayo yote ni utamaduni, wala hatukusudii kuyapunguzia hadhi. Lakini utamaduni wa watu ni pia namna wanavyokaa na mgonjwa wao: nani humtazama, nani humlipia dawa, na nani hulisha jamaa yake siku ambazo yeye hana nguvu za kwenda kazini. Taifa hupimwa kwa maswali hayo kama linavyopimwa kwa nyimbo zake.

Katika insha hii tumekusudia kueleza, kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, historia ya matibabu ya mfanyakazi wa mshahara katika Tanzania Bara, tangu zama za wapagazi na wakata mkonge hadi zama hizi za mifuko ya bima. Tutazitazama sheria, na pamoja nazo tutayatazama maneno yaliyotumika, kwa kuwa neno ambalo watu hulichagua kutajia jambo mara nyingi hufichua wanavyolifikiri jambo lenyewe.

Ugonjwa wa mmoja ulivyokuwa wa wengi

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mtu aliyelala kitandani hangojewi aombe. Wajibu wa kumhudumia uko kwa wazima, nao wanapaswa kuutimiza bila kumtia mgonjwa aibu ya kunyosha mkono. Katika jamii za wakulima na wafugaji wajibu huo uligawanywa kwa udugu, ujirani na rika. Mwenye shamba akiugua wakati wa palizi, wenziwe walimlimia. Hakuna aliyeandika daftari, lakini kila mtu alijua aliyekuja na asiyekuja, na asiyekuja alikumbukwa siku yake ilipofika.

Kazi ya mshahara iliuvunja mpango huo, kwa sababu ilimtoa mtu kwao na kumweka mbali na wale waliokuwa na wajibu juu yake. Pagazi wa Kinyamwezi aliyeshikwa na homa njiani kwenda pwani hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumpikia uji. Hapo watu walitumia busara yao. Utani kati ya makabila ulimpa msafiri haki ya kusaidiwa na watu ambao si ndugu zake, na mtani ndiye aliyeshika kazi ya kumzika mgeni aliyefia ugenini. Katika miji, vyama vya watu waliotoka sehemu moja viliwatazama wagonjwa na kusafirisha habari za misiba. Hata vyama vya ngoma ya beni, ambavyo vilienea kutoka pwani ya Kenya hadi bara na kujulikana kwa sare na vyeo vyao vya kuigiza jeshi, havikuwa vya kucheza tu; wanachama walisaidiana katika shida, na hasa katika maziko.

Tunayataja haya mwanzoni ili mwanafunzi asidhani kwamba wazo la wengi kumchangia mmoja lilitujia kwa meli. Wazo tulikuwa nalo. Kilichokosekana ni nguvu ya kuyakabili mambo mapya: hospitali inayodai fedha, mashine inayokata mkono, na tajiri ambaye hufaidi jasho la mtu akiwa mzima na kumwacha akiugua. Chama cha ngoma kiliweza kununua sanda, lakini hakikuweza kumlazimisha tajiri.

Sheria ya Berlin na wapagazi wa Bagamoyo

Serikali ya kwanza duniani kuweka bima ya ugonjwa ya lazima kwa wafanyakazi wa nchi nzima ilikuwa ya Ujerumani. Sheria hiyo ilipitishwa tarehe 15 Juni, 1883, wakati Otto von Bismarck akiwa Chansela. Kwa mujibu wake, mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Akiugua, alipata daktari na dawa bila kulipa, na baada ya siku za mwanzo alipewa nusu ya ujira wake kwa muda usiozidi majuma 13. Mwaka 1884 ikafuata sheria ya bima ya ajali kazini, na mwaka 1889 ya uzee na ulemavu.

Bismarck hakuyafanya hayo kwa kuwapenda sana wafanyakazi. Mwaka 1878 alikuwa amekwisha kupiga marufuku vyama vya kijamaa, na alitaka mfanyakazi aione dola kuwa ndiyo mlezi wake badala ya chama chake. Hata hivyo jambo moja kubwa lilitendeka: matibabu ya mfanyakazi yalitoka katika hisani ya tajiri yakaingia katika sheria.

Sasa tuziweke tarehe pamoja. Sheria ile ya ugonjwa ilianza kutumika tarehe 1 Desemba, 1884. Katika miezi hiyo hiyo ya mwisho ya mwaka 1884, Carl Peters alikuwa Usagara na sehemu jirani akiwatia machifu sahihi katika mikataba ambayo hawakuielewa. Na tarehe 27 Februari, 1885, Kaiser alitoa hati ya kuilinda kampuni yake. Kwa hiyo dola moja, kwa wakati mmoja, ilikubali kwamba mfanyakazi wa kiwandani Ujerumani ana haki ya kutibiwa, na ikaanzisha utawala ambao chini yake mfanyakazi Mwafrika hakuwa na haki hiyo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi zote hizo zilitaka maelfu ya mikono. Sheria ya 1883 haikuvuka bahari pamoja na reli.

Hospitali zenyewe zilionyesha mpango wa mambo. Dar es Salaam Wajerumani walijenga hospitali nzuri ufukoni, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi aliyetoa mali yake kwa kazi hiyo kabla ya kufariki mwaka 1897. Tunamheshimu marehemu kwa ukarimu wake. Lakini tutambue kwamba Mzungu alitibiwa kwa fedha za serikali, na Mwafrika aliyelipa kodi ya nyumba alitibiwa kwa sadaka ya mfanyabiashara.

Kadi ya siku thelathini

Vita Kuu ya Kwanza vilionyesha kwa ukali zaidi thamani ya afya ya mtu wa kazi machoni pa wakubwa. Pande zote mbili zilichukua wapagazi kwa nguvu. Makumi ya maelfu yao walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Jeshi la Waingereza liliwapanga wapagazi wake katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililogeuka katika vinywa vya wananchi kuwa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hununua na kuuza Kariakoo bila kukumbuka kwamba wanalitaja jina la watu waliobeba mizigo hadi wakafa.

Chini ya utawala wa Waingereza, mkata mkonge wa Tanga na Morogoro alihesabiwa kazi yake kwa kadi ya siku 30. Siku aliyomaliza sehemu yake ilitiwa alama. Siku aliyolala na homa haikutiwa. Kadi haikumwuliza mtu kama alikuwa mvivu au mgonjwa. Alilipwa ilipojaa, na homa ikiwa ndefu, mwezi wa kadi uligeuka kuwa miezi miwili ya kalenda. Watu hawa waliandikwa kwa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba.

Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi, chini ya G. St. J. Orde-Browne, ili kuchunguza hali ya vibarua. Uchumi wa dunia ulipoanguka, idara hiyo ilifungwa mwaka 1931. Yaani mlinzi aliondolewa wakati ambapo ulinzi ulihitajika zaidi. Mashamba makubwa yalikuwa na zahanati, na mengine yalikuwa na hospitali ndogo. Huduma hiyo haikuwa bure kama ilivyodhaniwa, wala haikuwa haki. Mwenye shamba aliwatibu watu kama anavyotia mafuta mashine yake, ili kazi isisimame. Mashine ikichakaa, haitiwi mafuta tena. Mkata mkonge aliyedhoofika alirudi kwao na kifua chake, akauguzwa na jamaa ambao hawakupata hata senti katika faida ya mkonge. Hivyo kijiji kilikuwa ndicho mfuko wa bima wa mwenye shamba, na mwenye shamba hakukichangia.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mwaka 1922 watumishi wa serikali Waafrika walianzisha chama chao Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939. Mwaka 1947 mgomo ulioanzia bandari ya Dar es Salaam uliingia kwenye reli na kuenea hadi miji ya bara. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 Tanganyika ikapata sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini. Hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu kwa mara ya kwanza kidole kilichokatwa na mashine kilikuwa na mdai na mdaiwa mbele ya sheria. Lakini sheria ilihusu madhara yaliyotokana na kazi yenyewe. Mtu aliyeugua ugonjwa wa kawaida, au ambaye mtoto wake aliugua, alibaki katika rehema ya mwajiri wake.

Njia tatu: akiba, kodi na bima

Chama cha muungano wa wafanyakazi, TFL, kiliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Vyama vya wafanyakazi vilishirikiana na TANU katika kudai Uhuru, nao Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, mfanyakazi alitazamia kwamba dola yake mwenyewe ingemkumbuka. Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa tutofautishe njia tatu ambazo serikali yaweza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni akiba. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 5. Tuchukue mfano wa mtu wa mshahara wa shilingi 200 kwa mwezi: alikatwa shilingi 10, mwajiri akatia 10, zikawa 20. Fedha hizo ziliandikwa kwa jina lake na kungoja uzee wake. Mpango ulikuwa mwema kwa uzee. Lakini akiba ni ya mtu mmoja. Mtu wa mfano wetu akianguka katika mwezi wa tatu, mbele yake zipo shilingi 60 tu, na ugonjwa haungojei daftari lijae.

Njia ya pili ni kodi. Hiyo ndiyo Tanzania iliyoifuata katika matibabu, hasa baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari, 1967. Serikali ilichukua juu yake kuwatibu wananchi bila malipo. Macho yaligeuzwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda vituo vya afya na zahanati za vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida, ijapokuwa hospitali za mashirika ya dini ziliendelea na kazi. Mashirika mengi ya umma yaliwatibu wafanyakazi wao na jamaa zao kwa gharama ya shirika. Katika njia hii hapakuwa na haja ya kumwuliza mgonjwa kama ni karani, mkulima au mchungaji wa ng'ombe. Hilo ndilo lililokuwa tukufu ndani yake, nalo tusilidharau kwa sababu ya yale yaliyolipata baadaye.

Njia ya tatu ni bima, yaani wengi kutia fedha katika chungu kimoja ili anayeugua atibiwe, bila kuuliza yeye ametia kiasi gani. Majirani zetu wa Kenya walianza njia hii mwaka 1966, walipounda mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ambao mwaka 2024 ulipokewa na mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii. Sisi tulifika katika njia hii miaka zaidi ya 30 baada yao, tena tukiwa tumesukumwa na dhiki.

Neno "kuchangia" lilivyogeuzwa

Njia ya kodi husimama kwa kodi. Bei ya mafuta ilipopanda, bei ya mazao yetu ilipoanguka, na vita dhidi ya Idi Amin vya 1978–79 vilipomaliza hazina, zahanati zilibaki na kuta lakini dawa zikaadimika. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya serikali yakabanwa. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Kisha mwezi Julai 1993 malipo yakaanza kutozwa katika hospitali za serikali, kwanza zile kubwa, na hatua kwa hatua yakashuka hadi chini.

Malipo hayo yaliitwa "uchangiaji wa gharama". Hapa sisi tunaohangaika na maneno hatuwezi kupita bila kusimama. Mchango, katika Kiswahili cha watu, ni kitu gani? Mtu akifiwa, majirani hupitisha bakuli. Wanaotia ni wale ambao hawakufiwa. Harusi ikiwadia, wanaochanga ni wale wasiooa. Hakuna mahali katika desturi zetu ambapo bakuli hupitishwa kwa mfiwa mwenyewe. Lakini katika mpango wa 1993 aliyeombwa "kuchangia" ni mgonjwa, siku ile ile ya ugonjwa wake, na wazima hawakuombwa kitu dirishani. Jina lilikuwa la ujima, tendo lilikuwa la kununua.

Kulikuwa na neno la pili. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na maskini walitakiwa wasilipe, na ruhusa hiyo iliitwa "msamaha". Kwa kawaida anayesamehewa ni mkosa. Maskini alifika dirishani akiwa na maumivu yake, na pamoja nayo akawa na jambo la kuombea msamaha. Tumekwisha kusema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Sasa aliulizwa uji, akaulizwa na cheti cha kuthibitisha kwamba hana unga.

Hatusemi haya ili kuwalaumu viongozi waliokuwa na hazina tupu mikononi. Zahanati isiyo na dawa haimfai mtu hata kama ni bure. Tunasema ili ieleweke kwa nini hatua iliyofuata ilikuwa ya lazima.

Mifuko yajengwa

Hatua hiyo ilianza kwa wakulima. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilifanya majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho, mpango ambao watu waliuita "tele kwa tele". Mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kueneza mifuko ya namna hiyo.

Kwa wafanyakazi wa mshahara, mwaka 1997 sheria iliigeuza NPF kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Maana ya badiliko hilo ni kubwa kuliko badiliko la jina. Akiba ya kila mtu peke yake iligeuka kuwa bima ya wote, na miongoni mwa mafao yaliyotajwa katika sheria kulikuwamo matibabu. Mwanachama hakuongezewa makato kwa ajili ya tiba. Ilitolewa ndani ya mchango wake ule ule.

Kwa watumishi wa serikali, mwaka 1999 ilipitishwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kazi ikaanza Julai 2001. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Kwa mchango huo walitibiwa mwanachama, mwenzi wake wa ndoa, na wategemezi wasiozidi wanne. Sisi tulioingia katika utumishi katika miaka ya 1990 tunakumbuka minong'ono ya siku zile. Aliyekuwa kijana mwenye afya njema alisema, "Nakatwa kila mwezi, wala siumwi." Hakujua kwamba alikuwa akieleza bila kutaka maana yenyewe ya bima: asiyeumwa leo ndiye mwenye kutia katika bakuli.

Hebu tuhesabu. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 400,000 alikatwa shilingi 12,000, mwajiri akatia 12,000, jumla 24,000. Shule yenye walimu 20 wa mshahara huo ilitia shilingi 480,000 kwa mwezi. Mmoja wao akipasuliwa tumbo, gharama humezwa na jumla hiyo na jumla za shule nyingine, wala hauzi ng'ombe. Tena mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi, lakini mtoto wake na mtoto wa mhudumu huonwa na daktari yule yule. Hapo mchango umerudishiwa maana yake ya asili.

Jambo moja zaidi la kukumbukwa ni ile sheria ya fidia. Kwa sheria ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia mfuko huu ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Hoja yake ni ya haki: ajali ya kazini ni gharama ya kazi, na gharama ya kazi ni ya mwenye faida. Mkata mkonge aliyerudi kwao na kidonda chake angefurahi kuisikia hoja hiyo.

Walio nje ya bakuli

Hata hivyo tusijenge minara kabla ya msingi kukauka. Mambo mawili yangali yanatudai.

La kwanza ni uaminifu. Mfuko huishi kwa fedha inayofika. Mwajiri akimkata mfanyakazi mwisho wa mwezi na kuishika fedha ile asiipeleke, hakumwibia mmoja. Amewaibia wote waliomo, na aibu huja kumpata asiye na hatia, mbele ya dirisha la hospitali, mtoto akiwa mgongoni. Vile vile mwanachama anayemwazima jirani kadi yake, au mtoa huduma anayeandika dawa ambazo hakuzitoa, anatoboa chungu ambacho yeye mwenyewe atakinywea. Wazee wetu hawakuwa na wakaguzi wa hesabu, lakini aliyekula mchango wa msiba alijulikana kijiji kizima. Mfuko wa mamilioni ya watu hauna macho ya kijiji. Inabidi sheria na ukaguzi viwe macho yake.

La pili ni kubwa zaidi. Bima iliyojengwa juu ya mshahara huwafunika wenye mshahara. Lakini Watanzania walio wengi hawapokei hati ya mshahara. Wako shambani, ziwani, machungani, machimboni, na kando ya barabara wakiuza matunda. Mama lishe anayempikia mfanyakazi kila mchana hana mwajiri wa kumwongezea asilimia 3. Mchango wa kijiji ulikuwa mdogo, lakini hakuna aliyeachwa nje yake kwa kukosa ajira. Mchango wa mfuko ni mkubwa, lakini una mlango, na mlango una bawabu. Ndiyo maana mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, wenye kutaka kila mkazi awe na bima, na asiye na uwezo agharimiwe. Kuandika sheria ni kazi ya kikao. Kuitimiza ni kazi ya kizazi. Lakini swali limekwisha kuulizwa mahali panapostahili: je, haki ya kutibiwa ni ya mfanyakazi kwa kuwa ana kazi, au ni ya mtu kwa kuwa ni mtu?

Neno la mwisho kwa walimu na wanafunzi

Maneno ya insha hii yana asili mbalimbali. Fidia tumeipata kwa Waarabu. Bima imekuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, nayo hutumika kwa maana hiyo hiyo katika Kihindi mpaka leo. Lakini mchango ni letu, na mafao ni letu. Fao hutokana na kufaa, mzizi ule ule ulio katika methali isemayo kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa hiyo mfanyakazi anapodai mafao ya matibabu, haombi sadaka ya Sewa Haji, wala mafuta ya mashine ya mwenye shamba, wala msamaha wa dirishani. Anadai kufaana alikokutimiza yeye kwanza kwa wenziwe, miezi yote aliyokuwa mzima.

Tunawaomba walimu wa historia na wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao kwa wazee ambao bado wako nasi, waliofanya kazi katika mkonge, bandarini, kwenye reli na katika viwanda vya umma, wakawaulize: ulipougua, nani alikutibu, nani alikulipia, na siku hizo uliandikiwa nini katika kadi? Majibu yao yaandikwe. Wengi wao hawakuacha kitabu, na kadi zao zimeliwa na mchwa. Lakini haki tulizo nazo leo zilianza kudaiwa na wao, na mtoto wa mama lishe anayesoma insha hii darasani ndiye atakayekuja kuulizwa kama madai yale yaliendelea au yaliishia njiani.